Simu ya nyanya na sisi waunda programu

Hebu niwaulize, hasa nyinyi mnaounda programu: mtu asiyeona vizuri, na ambaye kumbukumbu pia imepungua, ataitumiaje programu yako?

Nyanya yangu ni mtu wa aina hiyo. Glakoma ilianza kumla macho zamani, kisha kiharusi kikampokonya kumbukumbu ya mambo mapya. Mimi mjukuu msomi, mwenye digrii ya tarakilishi, nikamnunulia simu ya Android na kumwashia TalkBack, ile inayosoma skrini kwa sauti. Nikajiona shujaa. Baada ya wiki moja simu ilikuwa kabatini.

Aliyenizindua ni mtaalamu wa tiba ya shughuli, yaani wale wanaomsaidia mgonjwa kurudia kazi zake za kila siku: kuvaa, kuoga, kupika chai. Aliniambia kwamba msaada wa asiyeona hutegemea kumbukumbu. TalkBack inakutaka ukumbuke kugusa mara moja usikie, mara mbili ufungue, vidole viwili usogeze. Msaada wa aliyepoteza kumbukumbu nao hutegemea macho: kalenda ukutani, picha, karatasi ya maagizo. Mwenye shida zote mbili huanguka katikati.

Yeye hakuleta mtambo wowote. Alisema maziwa yatiwe katika kikombe cheusi na chai ya rangi katika cheupe, nyanya apate kuona kinapojaa. Taa ikasogezwa karibu na meza. Simu ikawa mulika mwizi: namba yangu kwenye 2, na juu ya kitufe hicho tone la gundi lililokauka. Bonyeza, shikilia, ongea.

Mazoezi ndiyo yaliyonishangaza. Hakumwacha abahatishe hata mara moja. Alimshika kidole hadi kwenye tone, siku baada ya siku, kisha akalegeza polepole. Mbinu hii ya kujifunza bila kukosea iliandikwa na Alan Baddeley na Barbara Wilson mwaka 1994. Mwenye tatizo hili hakumbuki kwamba alikosea, lakini mkono wake huendelea kulirudia kosa lile lile.

Sasa tazama programu zetu. Zinafunza kwa makosa: jaribu, umekosea, rudi nyuma. Na kila baada ya miezi michache tunahamisha vitufe eti sura imezeeka. Nami nimo. Mwaka jana nilihamisha kitufe cha "Tuma" kutoka chini hadi juu, na hakuna aliyeniuliza sababu. WCAG 2.0 ya 2008 inanidai utofauti wa rangi wa 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida, na ni vizuri. Lakini hainiulizi kitufe kilikuwa wapi mwezi uliopita.

Ninachodai ni kidogo: mpangilio wa zamani ubaki, usibadilike hadi mtumiaji mwenyewe aamue.

Nyanya hunipigia saa moja jioni. Siku nyingine mara tatu, kwa kuwa amesahau tumeongea. Mimi hupokea zote.