Mwalimu wa Michezo na Daftari Lake

Kila mwaka, walimu wanafunzi wanaporejea chuoni kutoka katika mazoezi ya kufundisha, sisi wakufunzi huketi nao na kuyasoma maandalio yao ya masomo. Ya Hisabati hujaza kurasa mbili au tatu. Ya Kiswahili huwa na vielelezo, maswali na hata nyimbo. Lakini tukifikia somo la michezo, ambalo kwa hakika limebadilishwa jina mara nyingi kuliko lilivyofundishwa, mara kwa mara tunakuta sentensi moja tu: "Wanafunzi watacheza." Watacheza mchezo gani, kwa shabaha gani, na mwalimu atakuwa akifanya nini wakati huo, hayo hayasemwi. Sisi twaona kwamba sentensi hiyo ni ungamo la mwalimu aliyekwisha kuliacha darasa lake.

Lugha yetu wenyewe inatusuta katika jambo hili. Wachezaji wa mpira wa miguu wanaotoka katika viwanja vya wilaya ya Temeke, ule wa Uhuru na ule mkubwa uliofunguliwa mwaka 2007, ambao sasa una jina la Benjamin Mkapa, wakiulizwa habari za kocha wao hujibu, "Mwalimu ametuelekeza hivi na hivi." Huko uwanjani kocha huitwa mwalimu, na huitwa hivyo kwa heshima. Shuleni, mahali ambapo mwalimu yupo kwa cheo na kwa mshahara, kazi ya kusimamia michezo hupewa yule aliyechelewa kufika kikaoni.

Tutatoa mifano miwili ya watu walioifanya kazi hii kwa umri wao wote, kisha tutarudi kwetu Temeke na Kinondoni.

Wa kwanza yuko mbali, naye ni mwalimu wa mchezo ambao wengi wenu hamjauona. Softiboli ni ndugu wa besiboli. Ulizaliwa Chicago mwaka 1887. Hurushwa mpira mkubwa kidogo kwa mkono unaopita chini ya kiuno, mpigaji huupiga kwa gongo, kisha hukimbia kuzunguka vituo vinne. Kwetu, besiboli na softiboli zilianza kupata mizizi katika miaka ya 2010 kwa juhudi za Wajapani, na uwanja ukajengwa katika shule ya sekondari ya Azania, Dar es Salaam. Huko Marekani softiboli ni mchezo mkubwa wa wasichana wa vyuo vikuu. Carol Hutchins alikuwa kocha mkuu wa timu ya Chuo Kikuu cha Michigan tangu mwaka 1985 hadi 2022. Alipostaafu timu zake zilikuwa zimeshinda michezo 1,707. Hesabu hiyo ni kubwa, lakini si hiyo tunayotaka mwanachuo aikariri. Tunataka atazame tarehe nyingine: timu yake ilitwaa ubingwa wa vyuo vya taifa lote mwaka 2005, yaani baada ya miaka ishirini kazini. Ni wakuu wa shule wangapi, ni maofisa wangapi, wangemvumilia mwalimu wa michezo kwa miaka ishirini bila kombe la taifa? Aidha, mama huyu hakuanza kwa kupokewa kwa maua. Mwaka 1979, akiwa bado mchezaji wa mpira wa kikapu, alikuwa miongoni mwa wasichana waliokishtaki chuo chao mahakamani kwa kuwapendelea wanaume katika posho, safari na huduma nyingine. Alijua tangu ujana wake kwamba msichana hapewi uwanja asipoudai.

Wa pili ni jirani. Mwaka 1976 Bruda Colm O'Connell, kijana kutoka Ireland, alifika Iten katika nyanda za juu za Bonde la Ufa nchini Kenya, kufundisha Jiografia katika shule ya sekondari ya Mtakatifu Patrick. Mwaka ule nchi nyingi za Afrika, Tanzania na Kenya zikiwamo, zilisusia Michezo ya Olimpiki ya Montreal, na Filbert Bayi wetu, aliyekuwa ameweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 miaka miwili kabla, hakukimbia. Bruda huyu hakuwa na cheti chochote cha ukocha. Alimkuta pale Peter Foster, Mwingereza, akiwafundisha wavulana riadha. Foster alipoondoka, kazi ikamwangukia yeye. Angeweza kuandika kwamba wanafunzi watakimbia, kisha akaenda kusahihisha ramani.

Badala yake alifanya jambo ambalo kila mwalimu asiye na ujuzi wa somo alilopewa yampasa alifanye: aliwauliza wanafunzi, akawatazama. Aliangalia mguu unavyotua, mabega yanavyokaa, na nani huchoka akiwa mbele na nani huchoka akiwa nyuma. Vitabu vilikuja baadaye. Matunda yake yanajulikana. Peter Rono, aliyepita shuleni hapo, alipata dhahabu ya mita 1,500 huko Seoul mwaka 1988, akiwa na miaka 21 tu. Matthew Birir alipata dhahabu ya mbio za kuruka viunzi na maji huko Barcelona mwaka 1992. Wilson Kipketer, naye wa shule hiyo, aliiweka rekodi ya dunia ya mita 800 mwaka 1997, akiikimbilia Denmark. Mwaka 2010 rekodi hiyo ilivunjwa na David Rudisha, na mwaka 2012 London Rudisha akaishusha hadi dakika 1 na sekunde 40.91. Mwalimu wa Rudisha alikuwa Bruda yule yule. Mtu mmoja alimlea aliyeweka na aliyevunja. Zaidi ya miaka arobaini baada ya kuwasili alikuwa angali Iten, akisimama kando ya uwanja.

Kuna jambo moja katika maisha yake ambalo kwa maoni yetu halisimuliwi vya kutosha. Shule ile ilikuwa ya wavulana. Hakuna ambaye angemlaumu kama angeishia kwa wavulana. Lakini mwishoni mwa miaka ya 1980 alianza kuwakusanya wasichana katika kambi za likizo, wakati ambapo wengi waliamini kwamba msichana akishafika umri fulani mbio zake zimekwisha. Mmoja wa wasichana waliopita katika malezi hayo, Lydia Cheromei, alikuwa na miaka 13 aliposhinda mbio za nyika za dunia za wasichana wadogo mwaka 1991. Miaka 13, ndugu walimu, ni umri wa mtoto wa darasa la saba. Ni umri wa watoto mtakaowafundisha ninyi.

Twajua pingamizi litakalotolewa. Iten iko mita 2,400 hivi juu ya bahari, penye baridi na njia za udongo laini. Mbagala kuna joto, vumbi na magari. Shule nyingi za pembezoni mwa Dar es Salaam zina watoto wengi kupita kiasi, hasa tangu ada ilipoondolewa kuanzia mwaka 2016. Kiwanja kimoja hugawanywa kwa shule mbili, madarasa mapya hujengwa pale palipokuwa na magoli, na watoto huingia kwa zamu, asubuhi kundi moja na mchana jingine. Hayo yote ni kweli, wala hatukusudii kuyapunguza. Tunasema tu kwamba hakuna hata moja kati ya hayo linalomzuia mwalimu kutazama.

Tuna sababu ya kusema hivyo. Katika ukaguzi mmoja tulifika shule moja wilayani Temeke, ambayo hatutaitaja, wakati wa kipindi cha michezo. Mwalimu mwanafunzi alikuwa chini ya mwarobaini na rundo la madaftari. Wavulana walikuwa wameutwaa uwanja wote kwa mpira wa miguu. Wasichana, kama ilivyo desturi, walikuwa wamejibana pembeni karibu na ukuta wa vyoo, wakicheza rede. Wawili walisimama huku na huku na mpira wa soksi. Wa tatu alikuwa katikati akijaza chupa mchanga huku akiukwepa mpira. Tuliwatazama kwa dakika kumi. Yule wa katikati, mtoto mwembamba wa kama miaka 11, aliijaza chupa na kuimwaga na kuijaza tena bila kuguswa hata mara moja. Hakuwa akiutazama mpira. Alikuwa akitazama bega la mrushaji, na mpira ulipotoka mkononi yeye alikuwa amekwisha kuondoka. Zamu yake ya kurusha ilipofika, alirusha kwa mkono wa kushoto, chini ya kiuno, kwa nguvu na kwa shabaha.

Tulimwuliza mwalimu mwanafunzi jina la mtoto yule. Hakulijua. Alikuwa amekaa naye wiki tano.

Mwaka uliofuata tulipita shule hiyo tena. Yule mwalimu alikuwa amekwisha hitimu na kupangiwa kazi mkoani. Pembe ile ilikuwa imechimbwa msingi. Na walimu tuliowauliza habari za msichana wa mkono wa kushoto walitutazama kwa mshangao wa adabu. Labda alikuwa bado yumo katika moja ya madarasa yale yenye watoto zaidi ya mia. Labda alikuwa amehama. Hakuna aliyekuwa ameandika kitu.

Rede si upuuzi wa watoto. Humo mna kurusha, kudaka, kulenga, kukwepa, kusoma nia ya mwenzako na kuhesabu. Mwalimu anayetaka kufundisha mpira wa pete, mpira wa mikono, au hata hiyo softiboli ya kigeni, hana haja ya kungoja vifaa kutoka wilayani. Nusu ya kazi imekwisha kufanywa na watoto wenyewe. Yeye yampasa aigawe vizuri. Watoto mia wagawanywe katika makundi kumi, kila kundi na mpira wake wa soksi; makundi matano yarushe, matano yahesabu na kuhukumu, kisha yabadilishane. Wavulana waingizwe katika rede pia, nao watagundua kwamba si rahisi. Nafasi inayohitajika si kubwa kuliko vyumba viwili vya madarasa.

Kisha awe na daftari. Hapa ndipo tunapotaka kukaa kidogo, maana tunasikia pingamizi la pili, lenye nguvu kuliko la kwanza: Bruda wa Iten na mama wa Michigan walidumu mahali pamoja, ilhali mwalimu wa shule ya msingi huhamishwa, na uhamisho haumwulizi kama ameshamaliza. Ni kweli. Hatuwezi kuwaahidi miaka arobaini katika shule moja. Wala hatufikiri kwamba kudumu peke yake ni sifa. Tumewajua waliodumu sana bila kutazama. Lakini mwalimu anayehama anaweza kuliacha daftari. Jina la mtoto, umri wake, mkono autumiao, anachoweza, anachoogopa, kilichojaribiwa kikashindikana, na tarehe. Mistari mitatu kwa kila mtoto, si zaidi. Mwalimu ajaye ataanzia pale wa kwanza alipoachia, na kwa njia hiyo shule yenyewe itapata ile miaka ishirini ambayo mwalimu mmoja mmoja hapewi. Siku za mashindano ya UMITASHUMTA zikikaribia, timu haitateuliwa kwa haraka na kwa urefu wa watoto, kama tuonavyo sasa, bali kutoka katika kumbukumbu.

Wapo watakaotuambia kwamba wazazi wa Tandale au wa Mbagala wanataka mtihani wa darasa la saba, hawataki rede. Tumezungumza na wazazi hao. Wengi hawakatai michezo. Wanakataa mtoto apotezewe muda, na katika hilo wana haki kabisa. Kipindi ambacho mwalimu ameketi chini ya mwarobaini ni muda uliopotezwa, liwe somo la michezo au la Hisabati. Mwonyesheni mzazi mistari mitatu mliyoiandika juu ya binti yake, kisha msikilize atakavyosema.

Katika mazoezi ya kufundisha yajayo, tutakapofika shuleni kwenu, tutaliomba daftari hilo kwanza, kabla ya andalio la somo. Tutafungua ukurasa wowote, tutasoma jina moja, na tutawaomba mtuonyeshe mtoto huyo ni yupi.