Simu haiangushi ndege, na bado isipigwe

Kabla ndege ya Kitale haijaondoka uwanja wa Wilson, mhudumu husimama mbele na kutoa tangazo ambalo kila msafiri analijua: simu zizimwe, au ziwekwe katika hali ya ndegeni. Abiria hutii, na ukiwauliza sababu, wengi watakujibu bila kusita kwamba simu huangusha ndege. Jibu hilo utalipata Kitale, utalipata Bungoma, na utalipata hata kwa mtu ambaye ndege anaiona tu ikipita juu ya shamba lake la mahindi. Ni imani ya ukoo mmoja na ile isemayo kuwa simu ikilia kwenye kituo cha petroli, kituo kitalipuka. Ukweli uliomo ndani yake ni mdogo mno kubeba mzigo inaotwishwa. Na ubaya wake ni kwamba imekalia kiti cha sababu nyingine, bora zaidi, ya kunyamazisha simu angani. Sasa imani inaporomoka, maana watu wanasoma na wanasafiri, na wanaoibomoa wanadai kuwa kilichobaki ni kumruhusu kila abiria apige simu apendavyo. Wamepatia nusu ya kwanza, nusu ya pili wameikosa kabisa.

Tuanze na chimbuko. Marufuku inayotajwa sana, ile ya Marekani ya mwaka 1991, haikuwekwa na watu wa ndege. Iliwekwa na FCC, tume ya mawasiliano, ili kulinda mitandao ya simu iliyo chini. Ukitaka kuielewa hofu yao, itazame busta, yaani mnara wa simu, iliyosimama Kiminini. Antena zake zimeelekezwa kwa watu wa ardhini: sokoni, shambani, barabarani. Mtu aliye sokoni hufikiwa na minara miwili au mitatu, na akisafiri, mnara mmoja humkabidhi kwa mwingine taratibu. Mpandishe mtu huyo kilomita 5 angani, na simu yake itabisha hodi kwa minara ya Trans-Nzoia, ya Bungoma na ya Uasin Gishu kwa mpigo mmoja, huku mwenyewe akipita kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 400 kwa saa. Mtandao hautajua ni mnara upi umshike. Zidisha hayo kwa abiria wote waliomo ndani. Aliyekuwa na haki ya kukosa usingizi ni mhandisi wa kampuni ya simu. Mamlaka za ndege nazo zilikuwa na kanuni zao, lakini hizo zilitokana na hofu ya miaka ya 1960 juu ya redio za FM za mkononi, kifaa ambacho vijana wengi wa leo hawajawahi kukishika.

Na ushahidi wa ndege zilizoangushwa na simu uko wapi? Januari 2000 ndege ya Crossair ilianguka karibu na Zürich na kuua watu wote 10 waliokuwamo, na simu zikawa miongoni mwa washukiwa wa mwanzo. Uchunguzi ulipokamilika, lawama iliangukia marubani waliopoteza mwelekeo gizani. Tarehe 20 Machi 2008 Emirates iliruhusu simu zipigwe katika safari ya Dubai kwenda Casablanca, kwa kufunga ndani ya ndege kituo kidogo kinachozishika simu za abiria kwa nguvu hafifu na kurusha mazungumzo kupitia setilaiti. Ndege ilifika. Oktoba 2013 mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani ilikubali vifaa vya elektroniki vitumike tangu mwanzo hadi mwisho wa safari, mradi simu isiwe inatafuta mtandao. Septemba 2014 Ulaya ilikwenda mbali zaidi, ikaziachia kampuni za ndege ziamue hata kuhusu simu zilizo hewani, zikishathibitisha kwamba ndege zao zinahimili. Kila siku, katika kila anga, kuna simu zilizosahaulika mifukoni na kwenye mabegi, nazo zinasafiri na kutua pamoja na wenyewe.

Kuna kesi ambazo mwenye imani ile angepaswa kuzitaja, na sitazificha. Juni 2003 ndege ndogo ilianguka karibu na uwanja wa Christchurch, New Zealand, simu ya rubani mwenyewe ikiwa imeunganishwa, na ripoti ikasema huenda simu hiyo ilipotosha usomaji wa chombo kimojawapo. Mwaka 2014 Marekani iliagiza skrini fulani za marubani katika Boeing 737 zibadilishwe kwa sababu katika majaribio zilionekana kuyumbishwa na mawimbi. Na yeyote aliyewahi kuweka simu ya zamani karibu na redio anaujua ule mkwaruzo wa tit-tit-tit unaotangulia simu kuingia; rubani akiusikia masikioni wakati anapokea maelekezo ya kutua, unamuudhi na unaweza kumpotezea neno muhimu. Hayo yote ni mambo ya kweli. Lakini tazama yalivyotatuliwa: chombo kilichoyumba kilibadilishwa, waya zikakingwa, ndege ikapimwa upya. Fundi hapambani na kasoro ya chombo kwa kutegemea kwamba abiria wote watakumbuka kubonyeza kitufe. Kama simu moja iliyosahaulika ingetosha kuangusha ndege, wakaguzi wa Wilson wangetunyang'anya simu mlangoni kama wanavyotunyang'anya visu.

Hapa huja mtetezi wa tahadhari na kusema: hata kama si kweli, si hofu hiyo ndiyo inayowanyamazisha watu? Iacheni ifanye kazi. Njia ya mwongo ni fupi, na hii imefikia ukingoni. Abiria aliyeambiwa kuwa simu inaua, kisha akasahau kuizima na akafika salama, amejifunza kwamba matangazo ya ndegeni ni porojo. Safari ijayo atalidharau hilo la simu, na huenda akalidharau la mkanda pia, ambalo ni la uhai na kifo kweli. Halafu siku kampuni moja itakapotangaza kwamba imefunga kituo chake kidogo na simu sasa ruksa, hatutakuwa na neno la kuijibu, kwa sababu tulikuwa tumeweka hoja zetu zote katika kapu la ajali.

Hoja ambayo tungekuwa tumeiweka inapatikana barabarani, katika matatu ya Kitale kwenda Bungoma. Gari lina abiria 14, na tangu kanuni za Waziri John Michuki zianze kutekelezwa Februari 2004 lina mikanda na kidhibiti mwendo. Sauti ya mwenye simu haina kidhibiti. Gari likiwa bado Kamukuywa, bwana wa kiti cha nyuma anamwambia mtu anayemsubiri, kwa sauti inayomfikia dereva, kwamba ameshapita Webuye. Mama aliye karibu na mlango anasoma nambari ya kitambulisho, na kwa kuwa wa upande wa pili hasikii vizuri, anasoma na nambari ya siri ya M-Pesa, tarakimu moja moja, polepole, asije akakosea. Kijana anabishana na dalali juu ya bei ya gunia la kilo 90, na kabla ya Misikhu gari zima limeshajua kuwa mahindi yake hayajakauka. Nyuma yake matanga yanapangwa kwa kipaza sauti, na ndugu aliye Nairobi anasutwa kuhusu mchango wake mbele ya watu wasiomjua hata kwa sura.

Tunavumilia, na tukubali kwamba mara nyingine tunaburudika. Ndiyo maana watu husema: kama matatu haitushindi, ndege itatushinda vipi? Itatushinda kwa sababu matatu ina dirisha, ina muziki wa dereva, na ina steji. Aliyechoka na habari za matanga anaweza kushuka Misikhu akasubiri gari jingine. Ndege haina Misikhu. Tena ndege nyingi za safari hizi fupi ni za mapanga, na injini zake zinamlazimu msemaji apaze sauti maradufu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell walionyesha mwaka 2010 kwamba kusikia upande mmoja tu wa mazungumzo huvuruga akili kuliko kusikia pande zote mbili, kwa kuwa ubongo haukomi kukisia jibu ambalo haukulisikia. Kwa hiyo majirani wawili wanaopiga soga si sawa na mmoja anayepiga simu, hata wakitoa kelele ileile.

Nitaambiwa kwamba Emirates na wenzake wameruhusu tangu 2008 na hakuna aliyepigana. Ni kweli, lakini dakika za angani zilikuwa ghali, na bei ilifanya kazi ya adabu. Kwetu, ambako kifurushi cha dakika hununuliwa kwa shilingi chache, bei haitamfunga mtu mdomo. FCC ilipopendekeza mwaka 2013 kuilegeza marufuku yake, mkuu wa shirika la ndege la Delta, Richard Anderson, alitangaza kuwa kampuni yake haitaruhusu simu za sauti hata sheria ikikubali, na mwaka 2020 tume yenyewe ilifunga jalada. Waliopinga kwa nguvu walikuwa wahudumu wa ndege, watu ambao ndio wangetumwa kuamua ugomvi wa kiti na kiti.

Inabaki hoja ya dharura: mgonjwa yuko hospitali ya Bungoma, na mwanawe yuko angani. Hoja hii ina uzito, na ujumbe mfupi unaibeba vizuri. Kampuni itakayofunga mtandao iachie maandishi na izuie sauti. Mitambo inaweza kuvitenganisha. Wilson hadi Kitale ni safari ya kama saa moja, na ni nadra habari isiyoweza kuandikwa kwa maneno kumi. Kinachohitaji kubadilishwa ni tangazo la mhudumu. Aseme simu zisisumbue vyombo wakati wa kupaa na kutua, kisha aongeze kwamba hazipigwi kabisa kwa sababu jirani yako hana pa kukukimbilia. Ndege ikishatua Kitale na mlango kufunguliwa, kila mmoja ataiwasha yake. Yule bwana wa Kamukuywa atampigia mtu wake kumwambia amefika, na safari hii itakuwa kweli.