Mchagua Nazi na Asiye na Mnazi

Wahenga walisema kuwa mchagua nazi hupata koroma. Methali hii huwaonya wateuzi kupita kiasi. Lakini ukiitazama vizuri utaona kwamba yamhusu mtu aliyekwisha kusimama mbele ya chungu ya nazi. Asiye na mnazi wala senti ya kwendea sokoni hakutajwa humo. Ndivyo ulivyo mjadala wa elimu unaovuma nchini Uganda, ambamo kila msemaji huisifu haki ya mzazi ya kumchagulia mwanawe shule. Swali letu ni fupi: mzazi yupi?

Kila siku kabla ya mapambazuko, mabasi madogo ya shule za binafsi huzunguka mitaa ya Kampala na Wakiso yakikusanya watoto wenye usingizi machoni. Saa hiyohiyo mtoto wa mkulima hushika njia kwa miguu kwenda shule ya kijijini kwao. Wazazi wake hawakuilinganisha na nyingine yoyote. Wanampeleka huko kwa kuwa ndiyo iliyopo. Kumwambia mzazi huyo kwamba anayo hiari ni kumkejeli.

Yafaa tukumbuke tulikotoka. Mwaka 1997 Uganda ilianzisha Elimu ya Msingi kwa Wote, na wanafunzi wa shule za msingi, ambao mwaka 1996 walikuwa takribani milioni 3, walipindukia milioni 5 katika mwaka mmoja tu. Lilikuwa jambo la kishujaa. Walakini madarasa hayakuongezeka kwa kasi hiyo, wala vitabu, wala walimu. Wazazi wenye uwezo walipoona watoto wamebanana sakafuni, waliwahamisha wao. Kumwokoa mwana si kosa. Lakini walipoondoka, pamoja na ada yao waliondoka na sauti yao. Daktari, hakimu na mfanyabiashara, ambao wangesimama katika mkutano wa wazazi na kuuliza kwa nini mwalimu wa Hisabati hajaonekana wiki nzima, hawapo tena mkutanoni. Waliobaki ni wale ambao hata wakiuliza hakuna anayewajibu.

Naandika haya bila kujitakasa. Mimi ni mwalimu wa shule ya serikali, na binti yangu nimempeleka shule ya kulipia. Asubuhi humfikisha kwenye lango lake, kisha hugeuka nikaenda kufundisha watoto wa wenzangu. Siku moja mzazi mmoja aliniuliza, tena bila hasira: "Mwalimu, chakula unachotupakulia, mbona wewe mwenyewe hukili?" Sikuwa na jibu siku ile, na mpaka leo sina.

Wako wasemao kwamba dawa ni kumkabidhi kila mzazi fungu lake la fedha za serikali, alipeleke atakako. Shule zishindane, na iliyo mbovu ijifie. Hoja hii si ya kipuuzi. Mzazi si mjinga, na uzembe katika shule zetu upo. Kuukana ni kujidanganya. Lakini hoja yenyewe imekwisha kupimwa penginepo. Mwaka 1981 serikali ya kijeshi ya Chile, huko Amerika ya Kusini, ilianza kuzilipa shule kwa hesabu ya vichwa vya wanafunzi, ziwe za umma au za watu binafsi. Wataalamu wa uchumi Chang-Tai Hsieh na Miguel Urquiola, katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2006, hawakuona ushahidi kwamba wastani wa maarifa ya wanafunzi ulipanda. Walichokiona ni watoto wa wenye nafasi wakizihama shule za umma. Mwaka huohuo wanafunzi wa sekondari wa nchi ile walifurika barabarani kudai mabadiliko, na mwaka 2015 ikapitishwa sheria ya kuzizuia shule zinazopokea fedha za umma zisijipatie faida, zisiteue wanafunzi, na hatua kwa hatua ziache kuwatoza wazazi ada ya nyongeza.

Hata sisi tumeuonja mpango wa namna hiyo. Elimu ya sekondari bila ada ilipoanza mwaka 2007, serikali ilizilipa shule za binafsi zilizoafikiana nayo shilingi 47,000 kwa kila mwanafunzi kwa muhula. Pale pasipokuwa na sekondari ya serikali, mpango ule ulifungua milango, nasi twaushukuru. Lakini kuanzia mwaka 2018 serikali ilianza kuusitisha. Shule iliyojengwa na umma hubaki kijijini. Mkataba ukifika mwisho, mtoto hubaki na daftari lake mkononi.

Sisi walimu wa Kiswahili tunayo sababu yetu ya pekee ya kulisemea jambo hili. Taarifa ya Serikali ya mwaka 1992, iliyofuata kazi ya tume ya Profesa Senteza Kajubi, ilitaka Kiswahili kifundishwe kwa watoto wote wa shule za msingi. Mtaala wa mwaka 2020 ulikifanya cha lazima katika miaka miwili ya kwanza ya sekondari. Mwezi wa Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi. Hata hivyo mtihani wa kumaliza darasa la saba una masomo manne tu: Kiingereza, Hisabati, Sayansi na Elimu ya Jamii. Shule inayoishi kwa kuuza daraja la kwanza itapoteza saa zake kwa somo lisilotahiniwa? La hasha! Mzazi naye, ambaye pengine anakikumbuka Kiswahili kinywani mwa askari wa miaka ya 1970, hatakidai.

Hapa ndipo soko linaposhindwa. Lugha hainunuliwi na nyumba moja. Siwezi kujichagulia peke yangu lugha ya kusemezana na jirani. Sharti jirani naye aifunzwe. Kadhalika hakuna mzazi awezaye, kwa ada yake peke yake, kununua taifa ambalo mtoto wa tajiri na mtoto wa mponda kokoto wamekaa dawati moja na wanajuana kwa majina. Mambo hayo huamuliwa na wote kwa ajili ya wote, au hayapatikani kabisa.

Hatusemi shule za binafsi zifungwe. Twasema kwamba fedha ya umma ianzie katika shule ile ambayo mwenye uwezo haichagui: ipate madarasa, vitabu, na mwalimu anayelipwa kwa wakati na kuulizwa anapokosekana. Twasema kwamba shule yoyote inayopokea senti ya umma impokee mtoto wa jirani bila kumchuja. Twasema pia kwamba Kiswahili kiingie katika mtihani wa darasa la saba, la sivyo maazimio yote niliyoyataja yatabaki karatasi.

Nasi walimu hatuna budi kuanza na nafsi zetu. Binti yangu ataingia darasa la tano mwakani. Nimemwambia mama yake kwamba nataka aje asome shuleni kwangu, naye ameniuliza iwapo niko tayari mtoto awe wa tisini katika chumba kimoja. Bado tunabishana. Nawaomba, ndugu walimu, muuanzishe ubishi huo majumbani mwenu, kabla hatujaupeleka Wizarani.