Uchambuzi: Gisenyi kwa miguu, nani atausimulia mji wa mpakani?

Kijana anayeanza kazi ya kuongoza wageni katika mitaa ya Gisenyi ana ziwa, volkano na mpaka wa nchi mbili ndani ya mwendo wa saa chache. Vitu vya kuonyesha vipo vya kutosha. Ugumu uko katika kuusimulia mji ambao jirani yake amepitia vita, na katika kuchagua lugha ya kuusimulia.

Kwa miaka mingi Gisenyi, makao ya wilaya ya Rubavu, imehesabiwa kuwa mahali pa kupumzikia. Mgeni aliyekwenda kuwaona sokwe wa milimani upande wa Musanze hushuka ziwani Kivu, hulala usiku mmoja au miwili, kisha hurejea Kigali, umbali wa takriban kilomita 155. Wengine huanzia hapo safari ya Congo Nile Trail, njia ya kilomita 227 inayofuata ufuko wa ziwa hadi Rusizi. Wote hao huupita mji bila kuusikia. Fedha zao huishia hotelini, na mji hubaki kuwa picha ya machweo.

Matembezi ya kuongozwa yanaweza kuubadili utaratibu huo. Mgeni anayetembea nusu siku mitaani hunywa chai kwa mama mmoja, hununua kitenge kwa mwingine, hula mchana katika mkahawa ambao asingeujua. Hata hivyo, hatakubali kutembea saa tatu juani ili asomewe tarehe ambazo angezisoma mwenyewe kwenye simu. Hapo ndipo mwongozaji mpya anapofaulu au kushindwa.

Kuanzia ziwani

Mwanzo mzuri wa matembezi ya Gisenyi ni alfajiri, wavuvi wanaporudi. Mitumbwi yao hufungwa mitatu pamoja kwa miti mirefu, nyavu zikining'inia katikati, na usiku taa zake huvuta dagaa wanaoitwa sambaza. Wavuvi hupiga kasia wakiimba, na wimbo ndio unaoshika mwendo wa makasia.

Samaki huyo si mwenyeji wa Kivu. Aliletwa kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo ni kitoweo cha pande zote mbili za ziwa. Mwongozaji anayemwonyesha mgeni fungu la sambaza na kumwambia kwamba hata samaki huyu ni mhamiaji, amekwisha kuifungua habari ya mji mzima bila kutoa hotuba. Akitaja tarehe baada ya hapo, mgeni ataikumbuka, kwa kuwa ina kitu cha kuishikia.

Mstari uliochorwa mbali

Kutoka ufukoni hadi kivuko cha mpakani cha Petite Barrière ni mwendo wa chini ya saa moja. Ng'ambo yake ni Goma. Mpaka huo ulikubaliwa na Ujerumani, Ubelgiji na Uingereza mjini Brussels mwaka 1910, mbali na watu waliokuwa wakilima, kuoana na kuchuuza katika eneo hilo. Miji hiyo miwili ilikua ikiwa imegusana ukuta kwa ukuta.

Katika siku za amani, makumi ya maelfu ya watu wamekuwa wakivuka hapo kila siku. Wengi wao ni wanawake wachuuzi. Nyanya, maziwa, mayai na kuku huenda Goma. Vitenge na viatu hurudi. Watu wenye ulemavu nao wamejijengea kazi ya kusafirisha mizigo kwa baiskeli za magurudumu matatu. Mwongozaji mwenye busara haanzi kwa kueleza siasa za Kigali na Kinshasa. Humweleza mgeni safari ya kapu moja la nyanya: linatoka wapi, linapita kwa nani, na lango likifungwa mapema ni nani anayelala na hasara.

Lango hilo limefungwa au kubanwa mara nyingi. Agosti 2019 lilifungwa kwa saa kadhaa kwa hofu ya Ebola. Mwaka 2020 likaja janga la Uviko-19. Juni 2022, baada ya askari wa Kongo kuuawa kwa risasi mpakani, Kongo iliamuru upande wake ufungwe saa tisa alasiri. Kwa mchuuzi, kila tangazo la namna hiyo ni bidhaa iliyooza.

Mlima nao una sehemu yake. Nyiragongo ulipolipuka Januari 2002, na tena tarehe 22 Mei 2021, watu wa Goma walikimbilia Gisenyi. Mwaka 2021 mitetemeko iliyofuata ilizipasua nyumba na barabara za Rubavu zenyewe. Jirani alipoungua, mwenye kumpokea naye alitikiswa.

Lugha iliyo mlangoni

Kiingereza na Kifaransa ndizo lugha ambazo mwongozaji hutazamiwa kuzijua. Lakini kwenye soko la mpakani, lugha inayopanga bei ni Kiswahili. Kilifika Rwanda pamoja na wafanyabiashara na askari waliotoka pwani zama za Wajerumani, kikakaa katika mitaa ya Waislamu mijini, na kwa muda mrefu msemaji wake alitazamwa kama mtu wa kuja. Mwaka 2017 bunge lilikipitisha kuwa lugha rasmi ya nchi, sambamba na Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza. Mwaka 2022 Kongo nayo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Kwa hiyo kijana wa Rubavu aliyekulia katika Kiswahili ana mtaji ambao shule haikumwekea thamani. Anaweza kumpokea mgeni kutoka Mombasa au Mwanza bila mkalimani. Anaweza pia kumweleza kwa nini muuzaji wa Goma husema “batu” na “bintu” pale ambapo wa pwani husema “watu” na “vitu”, na kwamba hilo si kosa bali ni njia ambayo lugha imepita.

Mfano wa kufuata uko Kigali. Mwaka 2007 wanawake 18 wa Nyamirambo, mtaa unaojulikana kwa Waislamu na Waswahili wake, walianzisha kituo chao, ambacho baadaye kikawa kinaongoza wageni kwa miguu katika mtaa huo. Wanachoonyesha ni maisha ya majirani: saluni ya kusuka nywele, duka la mshonaji, chakula cha mchana nyumbani. Hawakungoja mtaa wao utangazwe kuwa kivutio. Tofauti ni kwamba Nyamirambo haina mpaka wa kimataifa mwisho wa barabara yake.

Penye kunyamaza

Gisenyi ina mahali ambapo ustadi wa mwongozaji ni kupunguza maneno. Kumbukumbu ya Commune Rouge inahifadhi habari ya Watutsi walioletwa makaburini mwaka 1994 wakauawa. Julai mwaka huo huo, serikali iliyosimamia mauaji ya kimbari ilipita katika mji huu ikikimbilia Kongo, na mamia ya maelfu ya watu wakavuka. Hapo si mahali pa kupitia njiani kati ya soko na chakula cha mchana. Mgeni huulizwa mapema kama anataka kwenda, hupewa muda wake, na mwongozaji hamlazimishi mkazi yeyote kuwa shahidi kwa ajili ya wageni.

Jeraha jipya lingali wazi. Waasi wa M23 walipoingia Goma Januari 2025, makombora na risasi vilivuka mpaka na kuwaua raia upande wa Rubavu. Mgeni atauliza. Atataka kujua nani ana haki, na pengine atataka kupiga picha ya askari. Picha za mpakani haziruhusiwi, na mwongozaji anayelegea kwa ajili ya bakshishi huwahatarisha wote. Kuhusu swali lenyewe, aeleze alichokiona mji: milio, maduka yaliyofungwa, watu waliopokewa. Akigeuka msemaji wa upande mmoja, amepoteza imani ya mchuuzi wa Goma anayempa salamu kila asubuhi, na bila salamu hiyo hakuna matembezi.

Kuna mambo madogo pia yanayomtofautisha anayejua kazi. Hapangi safari asubuhi ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kwa sababu ni umuganda. Huomba ruhusa kabla kamera haijainuliwa. Hupunguza idadi ya wageni ili kundi lisizibe njia ya wabeba mizigo.

Biashara hii ni dhaifu. Habari moja mbaya kutoka Goma hutosha kufuta safari za mwezi mzima Gisenyi. Ndiyo sababu wageni wa nyumbani na wa kanda, wanaoijua hali ya Kivu na wasioikimbia kwa kichwa kimoja cha habari, wana uzito mkubwa kuliko wanavyopewa katika vipeperushi. Wengi wao husikia Kiswahili. Kama vijana wa Rubavu hawatawasimulia mji wao kwa lugha hiyo, wataendelea kuusikia kutoka kwa watu walioutazama kwa dirisha la gari.