Damu na Agano

Husemwa mara nyingi, hata madarasani mwetu, ya kuwa Maandiko ya Kikristo hujipinga yenyewe katika jambo la damu. Mwanzo 9 yakataza kula damu, na Matendo 15 yarudia katazo hilo. Lakini Yohana 6 yawaagiza waumini kuinywa damu ya Kristo. Waebrania 9 yasema pasipo damu hapana ondoleo la dhambi. Sura inayofuata yasema damu ya mbuzi haiwezi kuziondoa.

Nchini mwetu neno hili halikuwa la mzaha. Mathare ilikuwa mojawapo ya ngome za Mau Mau mjini Nairobi wakati wa Hali ya Hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952. Watu walikula kiapo kwa damu ya mbuzi, wakidai ardhi na uhuru, na dai lao lilikuwa la haki. Wakristo wengi wa uamsho walikataa, wakisema waliokwisha kunywa damu ya Kristo hawawezi kunywa ya mbuzi. Baadhi yao waliuawa.

Mtetezi wa kiapo aweza kuuliza: Je, Musa naye hakuwanyunyizia watu damu? Na ajibiwe kwa kitabu hicho hicho. Katika Kutoka 24 Musa aliyasoma kwanza maneno ya agano. Watu wakasikia, wakakubali. Ndipo damu ikanyunyizwa. Basi kiapo anacholishwa mtu kwa kuogopa kufa hakifanani na agano hilo. Wala lawama hii si ya Mau Mau peke yao. Serikali ya kikoloni, iliyowakamata maelfu ya watu katika msako wa Anvil ulioanza tarehe 24 Aprili 1954, nayo iliwapiga wafungwa ili wakikane kiapo. Na mwaka 1969, Kenya ikiwa huru, viapo vya shuruti vilirudi, makanisa yakavipinga.

Mambo ya Walawi 17 yaeleza sababu ya katazo: uhai wa kiumbe umo katika damu, na uhai ni wa Mungu. Binadamu hana ruhusa ya kuutwaa uwe wake. Katika Yohana 6 hapana anayetwaa. Mwenye uhai anautoa mwenyewe kwa hiari. Tena Waebrania 9 haikusema vitu vyote husafishwa kwa damu, bali karibu vyote. Kwani katika Walawi 5 maskini asiyeweza kununua hata njiwa wawili alileta unga, akasamehewa. Neno hili lastahili kusomwa kwa sauti Mathare, ambako maskini ni wengi na wanaowatafuta kuwaapisha hawakukosekana.

Sidai ya kuwa mafundo yote yamefunguka. Nadai kwamba anayeyacheka Maandiko hakuyasoma hadi mwisho, na anayeyatumia kumlazimisha jirani yake ameyasoma kwa nia mbaya. Enyi vijana, mtu akikutakeni kiapo, mwambieni asome kwanza maneno yake mchana, mbele ya watu. Akikataa, kataeni.