MSAHAFU WA BIRMINGHAM NA MASWALI YA WANAFUNZI WETU

Katika madrasa nyingi mwanafunzi aulizaye "kwa nini" huhesabiwa mtovu wa adabu. Sisi tunaosomesha twalijua hilo, kwani nasi tulilelewa hivyo, na baadhi yetu tungali tukilea hivyo.

Mwezi Julai 2015, Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, kilitangaza kuwa karatasi mbili za ngozi zilizomo katika hazina yake, zenye sehemu za Suratul Kahf, Maryam na Taha, zimepimwa umri. Vipimo vya Oxford vilionyesha kwamba mnyama mwenye ngozi ile aliishi kati ya mwaka 568 na 645 Miladia, kwa uhakika wa asilimia 95.4. Picha zake zikawekwa katika intaneti. Wengi wetu tulileta takbira, na jambo likaishia hapo.

Tulipoziweka picha hizo mbele ya wanafunzi wetu hatukueleza kitu, tuliwaachia wasome. Wakakwama mstari wa kwanza. Hati ni ya Hijazi, haina irabu, na nukta zake ni chache. Ndipo kijana mmoja wa hifdhi alipoitambua Taha, na wenzake wakaifuata herufi kwa herufi, msahafu wa kawaida ukiwa pembeni. Maswali yakaanza. Pasipo irabu, msomaji wa zama zile alisomaje? Jibu walilipata wenyewe: alikwisha kuipokea kwa mdomo wa mwalimu na kuihifadhi kifuani. Kisha binti mmoja akauliza tusilolitarajia: kilichopimwa ni ngozi au wino? Ni ngozi. Basi yawezekana ilikaa kabla ya kuandikwa, na tarehe ile si ya maandishi.

Wapo watakaosema swali kama hilo latia shaka. Sisi twaona kinyume chake. Kijana atakutana nalo katika intaneti, kutoka kwa asiyemtakia kheri, na siku hiyo hatakuwa na mwalimu. Maulamaa wa hadithi walijenga elimu nzima juu ya kuuliza "umeipokea kwa nani?", na Suratul Hujurat, aya ya 6, imetuamrisha kuhakiki habari tuletewazo.

Wala si lazima kwenda Birmingham. Hati za Msikiti wa Riyadha, Lamu, nazo zilipigwa picha chini ya mpango wa British Library wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini. Hizo ni za wazee wetu. Ni madrasa ngapi za pwani zilizokwisha kuzifungua? Kompyuta ya ofisi ya msikiti, ambayo baada ya Alasiri hufungiwa tu, yatosha kuanzia.