Vyuo vya Rongo na Tom Mboya vifundishe Kiingereza, visikidhanie

Kijana aliyepata C+ katika KCSE akishavuka lango la chuo kikuu, huhesabiwa kuwa anakijua Kiingereza. Mihadhara, vitabu na mitihani, vyote vinamngoja kwa lugha hiyo, na hakuna anayesimama kuuliza kama anaimudu. Wengi hawaimudu kiasi cha kusomea shahada. Wanajua hivyo, wahadhiri wao wanajua, waajiri wao wanakuja kujua baadaye. Gazeti hili linasema wazi leo: ukimya huu unawaumiza watoto wetu, na lazima ukome.

Tunazungumza na vyuo viwili tulivyovililia kwa miaka mingi. Chuo Kikuu cha Rongo katika Kaunti ya Migori kilikuwa tawi la Moi hadi kilipopata hati yake mwaka wa 2016. Chuo Kikuu cha Tom Mboya mjini Homa Bay kilikuwa chini ya Maseno hadi 2022. Vililetwa karibu ili mtoto wa mkulima wa miwa wa Awendo na wa mvuvi wa Mbita asome asikwamishwe na umbali. Sasa amefika. Swali ni kama anaelewa anachofundishwa, na kama anaweza kukieleza kwa maneno yake mwenyewe.

Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinasema Kiingereza ni lugha rasmi ya Kenya sawa na Kiswahili. Katika maisha ya kijana wa Nyatike, Ndhiwa au Kisiwa cha Mfangano, Kiingereza ni lugha ya kigeni. Nyumbani anaongea Dholuo au Kisuba. Akiwa wa Kehancha, anaongea Kikuria. Sokoni na stendi ni lugha ya mama na Kiswahili, na kwa marafiki ni Sheng. Kiingereza hukutana nacho darasani tu, mara nyingi kwa mwalimu ambaye naye hukiacha mlangoni kipindi kikiisha.

Mtihani wa kitaifa hauonyeshi pengo hilo. Somo la Kiingereza katika KCSE lina karatasi tatu zenye jumla ya alama 200, na hata stadi za kuzungumza hupimwa kwa kalamu. Mtahiniwa hujaza sehemu ya mazungumzo iliyoachwa wazi, au huandika maneno mawili yanayotamkwa sawa. Anaweza kupata alama nzuri bila kuwahi kufungua kinywa mbele ya mtahini. Vitabu teule navyo vimegeuzwa miongozo: mwanafunzi hukariri dondoo, sifa za wahusika na maudhui, huku riwaya yenyewe akiwa hajaimaliza.

Chuo kinapaswa kuliziba pengo hilo. Dawa iliyopo ni somo la stadi za mawasiliano la mwaka wa kwanza, na katika vyuo vingi vya umma hufundishwa hivi: mamia ya wanafunzi ndani ya ukumbi mmoja, mhadhiri na kipaza sauti, slaidi ukutani, na walio nyuma wakiinua simu kuzipiga picha. Slaidi zinaeleza maana ya mawasiliano, aina zake, vizuizi vyake. Mtihani unauliza: taja vizuizi vitano vya mawasiliano. Mwanafunzi anavitaja vyote vitano, kwa kuwa alivikariri usiku uliotangulia. Wiki hiyo hiyo, katika mtihani wa historia au wa kilimo, anashindwa kupanga sentensi tatu zikabeba hoja moja. Amefaulu somo la mawasiliano na bado hawezi kuwasiliana.

Mhadhiri mwenye rundo la insha mia tatu hutia tiki kwenye hoja anayoitambua na kufungua ukurasa unaofuata. Hatumlaumu, kwa maana hakuna binadamu awezaye kusahihisha sarufi na mpangilio wa insha hizo zote na kuzirudisha kwa wakati. Lakini lugha haiingii kwa kusikiliza mihadhara. Huingia kwa kuandika, kusahihishwa, na kuandika tena.

Sasa akili unde imeongeza hatari. Zamani udhaifu ulionekana kwenye karatasi, na mwalimu mwenye nia angeweza kuushughulikia. Leo kazi inarudi ikiwa safi, imepangwa vizuri, na hakuna sentensi ndani yake ambayo mwanafunzi aliitafuta mwenyewe. Chuo kinampa alama, naye anapanda mwaka wa pili, wa tatu, wa nne. Siku ya mahojiano ya kazi simu iko mfukoni na mdomo ni wake peke yake.

Anayedhani tunatia chumvi akumbuke yaliyowapata wauguzi wetu. Julai 2021 Kenya na Uingereza zilitia saini mkataba wa kupeleka wauguzi wa Kenya kufanya kazi huko. Mapema 2022, Mutahi Kagwe, aliyekuwa Waziri wa Afya, alitangaza kwamba kati ya wauguzi 300 ni 10 tu waliofaulu mtihani wa Kiingereza. Hawa walikuwa watu waliohitimu na kusomea kazi yao kwa Kiingereza tangu mwanzo. Kilichowaangusha ni lugha ambayo kila ngazi ilidhani ngazi ya chini yake imeshawafundisha. Homa Bay na Migori zina vyuo vya mafunzo ya tiba vya KMTC. Zina pia vijana wanaoota kazi za nje ili wainue familia zao. Wazazi wao wanatudai jibu.

Linalotuuma zaidi ni ualimu. Rongo na Tom Mboya vinaandaa walimu, na wengi wao watarudi kufundisha Uriri, Suna, Rachuonyo na Kuria. Mwalimu anayeogopa kuongea Kiingereza hugeukia ubao na kuandika maelezo mwanzo wa kipindi hadi mwisho. Wanafunzi wananakili, wanakariri, wanafaulu kwa C+, kisha wanakuja chuoni na udhaifu ule ule wa mwalimu wao. Mnyororo huu una mahali pamoja tu pa kuukatia, napo ni chuoni, kabla mwalimu hajaajiriwa.

Hatusemi lugha za mama zitupwe. Tumeona vya kutosha watoto wakivishwa kibao shingoni kwa kosa la kuongea Dholuo shuleni, na Kiingereza chao hakikuwa bora kwa aibu hiyo. Lugha ya mama ni ngazi ya kupandia. Dholuo, Kikuria na Kiswahili hazitofautishi mwanamume na mwanamke kwa viwakilishi kama Kiingereza kinavyofanya, na ndiyo sababu wanafunzi wetu huwachanganya wawili hao katika sentensi moja. Dholuo haina sauti ya “sh”, na anayetamka “s” mahali pake hana upungufu wowote wa akili. Mhadhiri anayeyajua haya hufundisha makosa yanapozaliwa. Na wanaowacheka vijana wetu kwa lafudhi wakome, kwa sababu anayechekwa hunyamaza, na aliyenyamaza hajifunzi.

Tuna jirani wa kujifunza kwake. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha kitengo cha stadi za mawasiliano mwaka wa 1978, kilipoona wanafunzi wake wanazama katika Kiingereza. Mwaka wa 1984 wataalamu wawili, Clive Criper na William Dodd, walipima shule za Tanzania na kuonya kwamba wanafunzi wengi hawakuwa na Kiingereza cha kutosha kusomea masomo mengine. Taarifa yao iliwachoma wengi, na mjadala wa lugha nchini humo haujaisha hadi leo, lakini ugonjwa ulijulikana kwa jina. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Vyuo vitasema pesa hazipo. Ni kweli kwamba vyuo vya umma vina njaa: mwaka wa 2025 wahadhiri waligoma kwa wiki saba wakidai malimbikizo ya Sh7.9 bilioni. Kwa hiyo madai yetu yanaenda pia kwa Hazina ya Taifa na kwa wabunge wa kaunti hizi mbili. Kujenga kumbi bila kuajiri walimu wa lugha ni kuwahadaa wapiga kura.

Tunataka mambo manne. Kwanza, kila anayesajiliwa apimwe kuandika na kuongea katika wiki yake ya kwanza, si kwa kumfukuza wala kumwaibisha, bali ili ajulikane anahitaji nini. Pili, Kiingereza kifundishwe mwaka mzima katika vikundi vya watu wasiozidi 30, kila mwanafunzi akiandika ndani ya darasa, kwa mkono, na kurudishiwa kazi iliyosahihishwa. Tatu, pawe na mtihani wa kuongea kwa wote, na kwa wanaosomea ualimu usiwe na njia ya kuupita kando. Nne, wahadhiri wa lugha waajiriwe kwa kudumu, kwa kuwa mwalimu wa kibarua anayekimbia kutoka chuo hadi chuo hawezi kulea uandishi wa mtu.

Muda uliobaki ni mfupi. Wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya, walioingia Gredi ya 10 Januari 2026, watafika vyuoni mwaka wa 2029. Seneti za Rongo na Tom Mboya zijadili jambo hili mwaka huu, zichapishe mpango wenye tarehe na bajeti, na wazazi waonyeshwe. Shahada ambayo mwenyewe hawezi kuisimamia kwa kinywa na kalamu yake haimtoshi mtoto wa nyumba yoyote, na haiwatoshi watoto wa Migori na Homa Bay.